Uiuze STI au Uendelee Kuihudumia?

Januari ndio mwezi ambao wenye Subaru Impreza WRX STI wengi nchini Kenya huanza kupiga hesabu upya. Karo imefika, sikukuu zimekausha mfuko, na nje limeegeshwa gari la tabo (mtambo unaosukuma hewa zaidi ndani ya injini kuongeza nguvu) ambalo haliwezi kubeba familia nzima na mizigo kwenda ushago. Rafiki mmoja anasema uza, mwingine anasema ukiiuza utalia. Wote wawili wana hoja.

Nianze na anayesema uza. STI ikikwama kwenye foleni za Nairobi hushuka hadi kilomita 6 hivi kwa lita. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217 kwa lita jijini. Mtu wa kwenda kazini na kurudi kilomita 40 alikuwa akichoma karibu shilingi 1,450 kwa siku, bado hajalipia maegesho. Halafu gari likishazeeka, kampuni nyingi za bima hukataa kutoa bima kamili, hasa likiwa limefanyiwa mabadiliko. Linapogongwa au kuibwa, hasara yote ni yako.

Lakini kinachoumiza kuliko yote ni injini. EJ20, injini iliyo kwenye STI nyingi, ina pistoni nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, na huwa haimsamehe mzembe. Oili ikipungua kidogo tu na dereva akikata kona kwa kasi, beringi za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hukosa ulainisho, zikaanza kugonga. Mafundi husema injini imenoki, na hapo hakuna kiraka. Injini inafunguliwa yote. Mkanda wa taiming, unaooanisha vali na pistoni, ukikatika, vali hugongana na pistoni. Mtambo huo pia ulitengenezwa kwa petroli ya Japani yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema) inayokaribia 100, nasi tunaunywesha ya chini ya hapo. STI A-Line ya otomatiki, yenye injini ya lita 2.5, ina udhaifu wake: kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, hasa mtu akiongeza nguvu ya tabo bila kurekebisha programu ya injini. Na ukienda kutafuta spea Kirinyaga Road, lazima uwe na jicho kali, maana bandia na halisi hukaa rafu moja.

Basi mbona watu hawaiachi?

Kwa sababu gari hili lina mizizi hapa. Mwaka 1994 Patrick Njiru, Mkenya, alimaliza mashindano ya magari ya Safari Rally katika nafasi ya nne akiwa na Impreza. Mwaka 1997 dereva Mskoti Colin McRae akashinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akarudia. Watoto waliosimama kando ya barabara wakila vumbi la magari yale ya buluu ndio watu wazima wanaomiliki STI leo. Kuliita gari hilo anasa tu ni kutoelewa linabeba nini. Mfumo wake wa kuendesha magurudumu yote manne, breki za Brembo na ile giaboksi ya gia 6 iliyoanza na kizazi cha pili viliwekwa kwa kufikiria mashindano, na ukipita barabara ya murram iliyolowa mvua unaona kwa nini. Sijaona gari la kawaida la bei kama yake linalonipa utulivu kama huo kwenye matope.

Kuna hoja nyingine ambayo wauzaji wa haraka huisahau. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. STI za miaka ya 1990 na za mwanzoni mwa 2000 zilizopo nchini ndizo hizo hizo. Kila inayopinduka Naivasha au kukatwakatwa kwa spea haina mbadala utakaoshuka meli Mombasa. Isitoshe, Machi 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitatengeneza STI mpya ya petroli juu ya kizazi kipya cha WRX. Ukiuza leo ukitumaini kununua nyingine mambo yakinyooka, jiandae kununua ya mtu aliyeichosha.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema waitunze kama akiba, eti bei itapanda. Huenda ikapanda. Ila mkanda, klachi, tairi na oili kila kilomita 5,000 vitakula faida hiyo kabla hujaiona. Anayetaka akiba anunue shamba.

Kwa maoni yangu swali la msingi ni moja: je, bado unaihudumia kwa wakati? Siku utakapoanza kusema "oili ngoja mwezi ujao", au kuongeza maji kwenye rejeta bila kutafuta yanakokwenda, umeshaingia eneo la kuuza, hata kama moyo unakataa. Mpenda chongo huita kengeza. Nimesikia wenye STI wakiita ugongaji wa beringi zinazokufa "mlio wa Subaru". Hapo gari linaumia, na mwenyewe anajidanganya. Lakini kama huduma unaimudu na kinachokusumbua ni petroli tu, usiuze. Nunua gari dogo kama Vitz au panda matatu siku za kazi, STI iwe ya wikendi. Kuna mashindano ya kukimbizana na saa kama Kiamburing huko Kiambu, ambako barabara hufungwa na unaweza kuliachia gari kihalali. Barabara kuu zetu zina kikomo kisichozidi kilomita 110 kwa saa, na watu hupita kwa miguu hapo hapo.

Njia mbaya kabisa ni ya tatu, ambayo wengi huichagua bila kujua: kuiegesha. Gari likikaa miezi bila kuwashwa, sili hukauka, petroli huchacha, breki hushika kutu, na panya hula nyaya. Baada ya miaka miwili utauza kwa bei ya chuma.

Ukiamua kuuza, uza ingali nzima. Rudisha vifaa vyake halisi kama ulivitunza, kwa kuwa wanunuzi wanaojua hulipia zaidi gari ambalo halijachezewa. Ruhusu mnunuzi aje na fundi wake apime mgandamizo wa kila silinda. Asiyetaka kupima pengine anataka kulichinja kwa spea. Mkikubaliana, hamisheni umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujakabidhi ufunguo, kwa maana mnunuzi mwenye haraka akisababisha ajali gari likiwa bado kwa jina lako, wewe ndiye utakayetafutwa kwanza.