Mchaichai Utolewe Nyuma ya Jiko

Zile nyasi fupi za samawati zinazojikunja kama kichwa cha nungunungu kwenye picha za simu hazifai kuletwa Lamu. Jina lake la kitaalamu ni Festuca glauca, asili yake kusini mwa Ufaransa, na hazistahimili joto likichanganyika na unyevu. Hapa usiku wenyewe una fukuto. Kichaka huanza kuoza katikati, majani ya pembeni yakafuata, na mwenye nyumba anazidi kumwagia maji akidhani ni kiu. Nauli ya kuileta miche hiyo, basi hadi Mokowe kisha boti, ni heri inunue udongo.

Tuna mchaichai. Watu wanauchukulia kuwa kiungo cha chai tu, wakauficha kwenye debe lenye kutu nyuma ya jiko, ilhali ni nyasi kamili: majani yanainama kama maji yanayomwagika, upepo ukipita yananukia, na joto la pwani haliyasumbui. Ukiachwa huru hupita mita moja. Chunguni, ukikatwa vizuri, hutulia kwenye sentimita 60 au 70, kimo kinachotosha kiwanda cha nyumba ya mawe (ule ua wa ndani) au kona ya dari (sakafu ya wazi juu ya paa).

Chungu kiwe na upana na kina cha sentimita 30 hivi; ndoo ya rangi ya lita 20 yafaa sana baada ya kuoshwa. Toboa matundu matano au sita chini, kila moja lipitishe kidole kidogo, uyafunike kwa kipande cha wavu wa mbu ili udongo usitoke. Usiweke kokoto chini. Wengi huamini kokoto husaidia maji kutoka, kumbe maji hushikwa palepale udongo unapokutana na kokoto, na mizizi ikabaki imelowa. Zikiwa kokoto za matumbawe, basi zinaongeza na chokaa. Badala yake inua chungu juu ya vipande vitatu vya tofali.

Mchanganyiko ni sehemu mbili za udongo wa shamba, moja ya samadi iliyooza, na moja ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi). Samadi ya punda haina uhaba Amu (yaani Lamu), lakini punda hasagi mbegu vizuri tumboni kama ng'ombe. Ikiwekwa mbichi, kila gugu alilokula litakuotea chunguni. Irundike miezi mitatu, uigeuze mara kwa mara, ipate moto. Usumba nao una mtego wake: makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari yamejaa chumvi. Uloweke katika maji yasiyo na chumvi siku mbili, mwaga, rudia mara mbili zaidi. Na udongo uchekeche kwanza, kisha uulowanishe uukalishe wiki mbili kabla ya kupanda, ili gugu la ndago lijitokeze uling'oe na kiazi chake cha chini. Ndago ikishaingia ndani ya shina la mchaichai, hakuna mkono utakaoitenganisha.

Panda masika yanapoanza. Ng'oa vikonyo vitatu vyenye mizizi kidogo, kata majani yabaki sentimita 15, vichimbie kina cha sentimita 4, vikae kivulini wiki moja. Baada ya hapo vinataka jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Kiwanda chembamba chenye kuta ndefu hupata jua la utosini tu, na mchaichai wa humo hulegea, ukalala chini. Huko afadhali ofiopogoni au liriope. Kwa ukoo si nyasi hasa, ila kwa macho hazitofautiani nazo, na kivuli ndicho kitanda chao.

Jua la Amu husingiziwa mengi. Kinachoua zaidi ni chumvi: iko kwenye maji ya visima vingi, iko kwenye upepo wa kusi. Dalili yake ni ncha za majani kukauka rangi ya kahawia na unga mweupe kwenye ukingo wa chungu. Ukimwagilia kidogokidogo kila siku, maji huvukizwa na chumvi ikabaki, kesho ikaongezeka nyingine. Mwagia kwa nafasi, na kila mara mpaka maji yachuruzike chini. Kila baada ya siku kumi pitisha lita kumi polepole, kwa awamu mbili, kuosha udongo. Maji ya mvua ni bora, na yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi wala chokaa. Ni dhambi kuyaacha yapotee barazani. Majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, hapo ni chokaa ya maji inayozuia madini ya chuma, na mbolea ya dukani ya kukuza majani haitaiondoa.

Kata mchaichai wote mara mbili kwa mwaka, sentimita 15 kutoka udongoni. Kila miaka miwili utaona katikati pamebaki tupu: toa shina lote, ligawe kwa panga, urudishe vipande vya pembeni vilivyo hai.

Ndoo ya lita 20 iliyolowa hukaribia kilo 30. Kumi ni kilo 300. Kwenye dari ya nyumba ya zamani, zipange kufuata ukuta, juu ya vichwa vya boriti, usizirundike katikati.

Anayetaka rangi, ipo nyasi iitwayo penisetamu, ya rangi ya damu ya mzee, yenye mashuke laini kama mkia wa paka. Inapenda jua na haichoki na ukame, na aina hii ya rangi haitoi mbegu za kusumbua. Ile ya kijani ina mbegu zinazopeperuka, na huko Hawaii imegeuka balaa. Zote mbili, majani makavu yakiachwa shinani yanashika moto upesi, kwa hiyo zikae mbali na makuti na uzisafishe kabla kaskazi haijakausha kila kitu.

Nyasi fupi ya ufuoni, Sporobolus virginicus, haiogopi chumvi hata kidogo na inafaa bakuli pana la kina cha sentimita 15. Chukua vitambaazi vichache kiambazani au ukingoni mwa kiwanja, kamwe si kwenye matuta ya mchanga ya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu: mchanga ule ndio unaohifadhi maji matamu ya mji, na nyasi ndizo zinazoushika. Bakuli lenyewe liweke ndani ya daka (kibaraza cha mlangoni) au juu darini. Likiachwa njiani usiku mmoja, punda watalimaliza.