Barabara ikifutwa namba, nani anabaki nayo?

Wikendi iliyopita niliiacha barabara kuu ya Interstate 35 kwa makusudi, nikashika barabara ya zamani inayopita Rush City, Pine City na Hinckley, huku jimbo la Minnesota, Marekani. Lami iko sawa, mistari inaonekana, nyasi za kando zimefyekwa. Na hiyo ni barabara iliyofutwa namba! Nilifurahi, kisha nikakasirika.

Mwaka 1920 wapigakura wa Minnesota walibadilisha katiba ili jimbo liwe na barabara kuu 70, kila moja ikitajiwa miji ambayo lazima iifikie. Hii ilikuwa Namba 1, kutoka mpaka wa Iowa kupitia St. Paul na Duluth hadi Kanada. Mwaka 1926 Marekani nzima ilipopanga namba, kipande hiki kikaingia kwenye US 61, ambayo ncha yake ya kusini iko New Orleans. Baadaye Interstate 35 ikachukua magari ya masafa marefu, na mwaka 1991 namba ya taifa ikaondolewa kati ya mji mdogo wa Wyoming na Duluth. Kaunti zikaipokea: Chisago wakaipa 30, Pine wakabaki na 61 yao. Jimbo lina hata mfuko maalum wa kukarabati barabara kuu zinazorudishwa kwa kaunti.

Namba imebadilika, mwenyewe anajulikana.

Sisi Kenya tulipata sheria ya barabara 2007, mamlaka tatu za barabara, katiba ya 2010, halafu 2016 namba mpya. Barabara kuu ya A104 ikawa A8. Sina ugomvi na A8. Nikiwaonyesha wenzangu wa kazini picha zake inavyoteremka Bonde la Ufa, najivuna kabisa. Lakini acha lami uingie ile ya kwenda kwetu. Kaunti wanasema ni ya serikali kuu. Serikali kuu wanasema ilishakwenda kaunti. Barabara yatima! Mvua ikinyesha lori la chai halifiki kituoni, na majani yaliyochumwa alfajiri yanaharibika.

Najua mtaniambia nimekaa majuu nikaanza kudharau kwetu. Ndugu zangu, mama yangu anaishi kwenye barabara hiyo. Nitaidharau vipi?

Wengine mtasema Marekani wana pesa. Wanazo. Ila kuandika kwenye daftari moja kwamba kutoka daraja hili hadi soko lile ni mali ya ofisi fulani, kunataka bilioni ngapi? Na pesa zenyewe zikiwepo tunafanyaje? Mwaka 2024 magavana na wabunge walivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa mafuta wa kutunza barabara. Huo ushuru kijana wa bodaboda wa kijijini kwetu anaulipa kila anapojaza tangi, kisha mvua ikipita anatoka na jembe na majirani kujaza mashimo kwa mawe. Najivunia watu hao kuliko mnavyodhani, ndiyo maana inaniuma wakilipa mara mbili.

Na nyinyi mnaoniambia nirudi nigombee uMCA, kiti cha bunge la kaunti: sitaki kiti. Nataka orodha ibandikwe kwa chifu, kila barabara ya lokesheni, namba yake ya zamani na mpya, ofisi inayoimiliki, na simu ya mhandisi anayepaswa kuipokea.