Krimu, tui na jani: mboga niliyoikuta Hamburg na niliyoiacha Tanga

Nimekulia Tanga, na huu ni mwaka wa 9 ninaishi Hamburg, ambako ninafanya kazi katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee. Majani ya kijani yaliyoungwa kwa kitu cheupe chenye mafuta nimeyapika kwa njia zote mbili, kwa tui la nazi nyumbani na kwa krimu ya maziwa huku, na nimeyapika mara nyingi kiasi cha kuwa na msimamo. Msimamo wangu ni kwamba krimu na tui ni vya kuungia jani, na pale vinapogeuzwa kuwa ndivyo chakula chenyewe, jani likabaki rangi tu ndani ya sufuria, mboga hiyo imeharibika, awe ameipika Mjerumani au ameipika mtu wa kwetu.

Spinachi ya krimu, ambayo Wajerumani huiita Rahmspinat, ni chakula kinachowakumbusha utoto wao. Huliwa kwa viazi vya kuchemsha na mayai ya kukaanga ambayo kiini chake hakikuachwa kikauke, ili kikitobolewa kimwagikie majani. Siku ya Alhamisi Kuu, ambayo jina lake la Kijerumani lina neno la kijani ndani yake, familia nyingi hupika kitu cha kijani, na mara nyingi ni hii spinachi. Nimewaona wazee ambao wiki nzima wamekuwa wakiisogeza sahani pembeni, lakini siku hiyo wanaomba waongezewe. Chakula chenye nguvu hiyo kwa mtu siwezi kukidharau.

Kinachonisikitisha ni namna tunavyokipika siku za kawaida. Spinachi hutufikia imeshasagwa na kugandishwa katika vipande vya mraba. Humwagwa katika sufuria kubwa, ikayeyuka pamoja na maji yake yote, kisha hutiwa unga wa ngano uliokaangwa kwa siagi ili uyashike maji hayo, na mwisho krimu yenye mafuta ya asilimia 30. Spinachi mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo mpishi asiyekubali kuyakamua hana budi kuyafunga kwa unga, na kadiri unga unavyozidi ndivyo krimu inavyohitajika zaidi ili ladha ya unga isisikike. Matokeo yake ni uji wa kijani ulio laini sana, ambao mtu anaweza kuumaliza bila meno yake kukutana na jani hata moja.

Aliyenionyesha kuwa Wajerumani wenyewe wana njia iliyo bora kuliko hiyo ni mama mmoja aliyenitangulia jikoni hapo, ambaye sasa amestaafu. Siku moja alikuja na majani mabichi kutoka sokoni, akayatia katika maji ya chumvi yanayochemka kwa muda usiozidi dakika moja, akayahamishia kwenye maji yenye barafu, halafu akayakamua kwa mikono miwili, fungu baada ya fungu, mpaka kikapu kizima kikawa matonge machache ya kijani kilichoiva. Aliyakata kwa kisu, hakuyasaga. Kitunguu kililainika kwenye siagi, majani yakafuata, krimu ikaja mwisho kabisa, vijiko vichache tu, na juu yake akakuna kungumanga. Harufu ile ilinisimamisha. Kungumanga ni kiungo cha Unguja, mimi nilikuwa nimekizoea kwenye halua, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali pake panaweza kuwa kwenye mboga ya majani. Sasa siwezi kupika spinachi bila hicho.

Krimu ina kazi yake katika mapishi haya, sikatai. Spinachi ina asidi ya oksaliki, ile inayoyaacha meno yakikwaruzana kama yamepakwa chokaa. Maji ya kuchemshia huondoa sehemu ya asidi hiyo, na kalsiamu iliyomo katika maziwa hushikana na sehemu inayobaki. Mchicha wetu nao unayo asidi hiyohiyo, na si ajabu, kwa kuwa wataalamu wa mimea huuweka mchicha na spinachi katika familia moja. Kwa hiyo ninapolinganisha sufuria hizi mbili ninalinganisha ndugu na ndugu.

Nyumbani, kazi ilianzia kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nazi iliyokunwa ilitiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa kwenye kifumbu, na lile tui la kwanza, kasimile, liliwekwa pembeni wala halikuguswa. Mchicha uliokwisha kuchambuliwa na kuoshwa mara tatu ili mchanga uishe ulipikwa kwa tui jepesi la pili, pamoja na kitunguu na nyanya, mpaka majimaji yakaribie kukauka. Ndipo kasimile lilipoingia, moto ukapunguzwa, na mwiko haukuacha kuzunguka, kwa sababu tui zito likiachwa lichemke ovyo hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Utaona kwamba bibi yangu na yule mama wa Hamburg walifuata utaratibu mmoja: maji ya jani yaondoke kwanza, utamu mzito uje mwisho na uwe kidogo. Mafuta hayo kidogo yanatosha kuusaidia mwili kuchukua karotini iliyo katika majani.

Na sisi tuna makosa yetu. Kuna jikoni ambako magadi hutiwa katika kila mboga ya majani ili ilainike upesi na rangi ibaki kijani, na magadi huua vitamini C. Shughulini nako tui huzidishwa kwa kuonyesha ukarimu, mchicha ukawa unaogelea.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, nimelikuta huku, katika mikusanyiko ya watu wetu wenyewe, ambako mtu hununua spinachi iliyokwisha kutiwa krimu na unga, akaimiminia kopo zima la tui, akaiita mchicha wa nazi. Hiyo ina krimu mbili na haina jani. Watoto waliozaliwa huku wanaijua mboga ya kwao kwa sura hiyo, nao wanaikataa, na siwalaumu.

Nadhani lugha nayo imechangia. Kwetu mtu akiuliza leo mboga ni nini, anaweza kujibiwa dagaa, maharage au nyama, maana mboga ni kile kinachoufanya ugali uwe mlo. Jina la majani limekuwa jina la kitoweo chote. Katika jiko ninalofanyia kazi, ratiba ya wiki huanza na nyama au samaki, na majani huandikwa mwisho kama kisindikizo, na kisindikizo hakitengewi muda wa kukamuliwa kwa mikono.

Nyumbani kwangu hapa Hamburg ninachukua spinachi mbichi, ninaichovya katika maji yanayochemka, ninaikamua na kuikata. Kopo la tui silitikisi. Ninalifungua taratibu na kuchota ule uzito uliokusanyika juu, na yale majimaji ya chini ndiyo ninayopikia kitunguu. Kungumanga kidogo, chumvi, na ninaepua mara tui linapoanza kutokota pembeni mwa sufuria. Tunaila kwa ugali, na mtu akimega tonge na kulichovya, jani linaonekana juu yake.