Msimamizi wa shamba asiwe hakimu wa kodi

Septemba 22, 1880, tarishi wa mahakama alifika kwenye mashamba yaliyo kando ya ziwa Lough Mask, huko Mayo, magharibi mwa Ireland, akiwa na notisi za kuwahamisha wapangaji 11. Tatu alifanikiwa kuzikabidhi. Nyumba ya nne, mama mwenye nyumba alikataa kuipokea, na wanawake wa jirani wakatoka na mawe, tope na samadi wakamtimua. Aliyeziomba notisi hizo ni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya Lord Erne. Baada ya hapo watumishi wake waliacha kazi, wenye maduka wakakataa kumuuzia, na barua zake zikakosa wa kumpelekea. Sisi tunasema alisusiwa. Kiingereza kililichukua jina lake kikalifanya kitenzi, nacho kinatumika mpaka leo.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtu katili na wanyonge walioungana. Nadhani kimefupishwa mno, na kilichopotea katika kufupishwa ndicho kinachotuhusu sisi wenye wapangaji, wasimamizi na kesi za ardhi zisizokwisha.

Tuanze na upande wa Boycott. Mavuno ya 1879 yalikuwa mabaya sana. Lord Erne alikubali kupunguza kodi kwa asilimia 10, wapangaji wakataka asilimia 25, naye akakataa. Si Boycott aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kiwango hicho. Msimamizi ameshika amana. Akisamehe kwa huruma yake deni ambalo si lake, amegawa mali ya mwenziwe. Na kuna jambo ambalo watetezi wa wapangaji hulipita haraka: katika kila shamba yupo aliyeuza ndama wake ili alipe kwa wakati. Huyo naye anadhulumiwa pale jirani yake anaposamehewa kimyakimya kwa kuwa anajua kuzungumza vizuri na msimamizi. Kushika mkataba sawasawa kwa wote ni aina ya haki, hata kama ni haki chungu.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ni mzito zaidi. Malipo ya Boycott kwa kazi ya kukusanya yalikuwa asilimia 10 ya kodi, na kodi yote ilikuwa kama pauni 500 kwa mwaka. Kila pauni iliyopunguzwa kwa mpangaji ilimpunguzia na yeye. Wapangaji walilalamika pia kwamba aliwatoza faini kwa makosa madogo, kama kuku kuvuka mpaka. Wengi katika Ireland ya wakati ule walikodi mwaka kwa mwaka, na mtu aliyejenga ukuta au kukausha eneo la kinamasi kwa mikono yake aliogopa kwamba jasho hilo hilo lingekuwa sababu ya kupandishiwa kodi. Halafu mtu mmoja ndiye aliyehesabu malimbikizo, akasikiliza udhuru, akaamua kama udhuru ni wa kweli, na akaomba notisi. Hata angekuwa mtu mwema kuliko wote Mayo, kiti hicho kingemharibu.

Neno msimamizi lenyewe, kwetu pwani, lina kovu. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba zama za utumwa, msimamizi alikuwa na nokoa chini yake, na chini ya nokoa kadamu, wote wakiwa waangalizi wa kazi, na mwenye shamba aliweza kukaa mjini bila kuona uso wa anayelima. Umbali ule ndio hatari yenyewe. Anayeamua haoni, na anayeona analipwa ili asione.

Kuvuna mazao ya Boycott kulihitaji wajitolea 50 kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari na polisi wengi. Inakadiriwa zilitumika pauni 10,000 kuokoa mazao ya pauni 500 hivi. Mwaka uliofuata serikali ya Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza, ilipitisha sheria iliyomruhusu mpangaji kwenda mahakamani apangiwe kodi ya haki, isiyobadilishwa kwa miaka 15. Wenye ardhi walilia kwamba serikali inavunja makubaliano ya watu wazima wawili. Kilio chao si cha kubeza, maana baadhi walikuwa wamekopa kwa kutegemea kodi ile. Lakini mtu asiye na pengine pa kwenda hajakubaliana na yeyote, amekubali tu.

Je, basi sheria ipange kodi na mambo yaishe? Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, inatuonya. Mkataba wake na Uingereza wa 1900 uliwagawia machifu na wakubwa ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa na mtu binafsi, na watu waliokuwa wakiishi juu yake wakajikuta wapangaji. Sheria ya 1928 iliweka busulu, yaani kodi ya ardhi, ya shilingi 10 kwa mwaka na kuzuia kufukuzwa kiholela. Iliwaokoa wengi. Ila kiwango kilibaki palepale huku thamani ya shilingi ikishuka, na sheria ya 1998 ikaja na ukomo wa shilingi 1,000 za Uganda kwa mwaka bila kujali ukubwa wa kibanja, yaani kipande cha ardhi cha mpangaji, fedha isiyofika dola moja wakati huo. Kwa kodi hiyo, msimamizi hakupata hata nauli ya kwenda kuikusanya. Mwenye ardhi asiyepata kitu huiuza watu wakiwa juu yake, na mnunuzi hakuja kutafuta busulu.

Marekebisho ya 2010 yalisema mpangaji halali asiondolewe isipokuwa kwa kutolipa, tena kwa amri ya mahakama. Nia ilikuwa njema, lakini stakabadhi ikageuka kuwa kila kitu. Wenye vibanja wanalalamika kwamba baadhi ya wenye ardhi huikataa kodi kwa makusudi ili mpangaji aonekane mdaiwa.

Ndiyo maana naona kodi ipangwe na mtu wa tatu na kupitiwa upya kila baada ya muda unaojulikana, na msimamizi alipwe mshahara badala ya fungu la anachokusanya. Mwenye ardhi au msimamizi wake akikataa kupokea fedha, mpangaji aziweke mahakamani, na siku aliyoziweka ihesabiwe kuwa ndiyo siku aliyolipa.