Ngao ya Mweka Hazina

Chama chetu cha wakusanyaji wa stempu kilikuwa na ugonjwa mmoja: tuzo hutolewa mwisho wa mkutano. Mara ya mwisho mzungumzaji alianzia Penny Black, stempu ya kwanza ya gundi duniani, iliyotoka Uingereza 1840. Saa nzima ikapita na 1841 hajaigusa. Alipomaliza, mshindi alishajiendea zake. Tukakipigia makofi kiti kitupu.

Nilipochaguliwa katibu nikashika msimamo: tuzo kwanza, maneno baadaye. Nikazidisha na kimbelembele changu: safari hii tumtuze mweka hazina, mzee aliyeshika kasha la chama tangu mimi sijui kutofautisha stempu na lebo ya chupa. Tukafanya siri. Hata kwenye ajenda sikuandika.

Mkutano ulipofunguliwa tu, nikamwita mbele, nikamkabidhi ngao. Akavaa miwani, akaisoma taratibu, kidole kikipita juu ya kila herufi (na huyu ni mtu asiyegusa stempu ila kwa kibano): KWA UTUMISHI WA MUDA MREFU. ASANTE KWA YOTE.

Akanyanyua uso. "Kumbe mnaniaga."

"Hapana, mzee, hii ni..."

"Usijitetee, mwanangu. Nimeelewa. Tena mmefanya vyema kuniambia kabla sijasoma hesabu."

Akatoa shada la funguo mfukoni, akaanza kuuchomoa ule mdogo wa kasha. Pete ilikuwa ngumu. Ukumbi mzima kimya, unasikia ukucha ukikwaruza chuma, na mimi nimesimama pale mikono imeninyooka kama mlingoti. Hatimaye ukatoka. Akanipa pamoja na daftari, kisha akatoa hotuba ya kuaga iliyomfanya yule wa Penny Black aonekane bubu. Watu walilia. Hata mwenyekiti, aliyeijua siri yote, alilia.

Kabla sijapata nafasi ya kufafanua, mmoja akapendekeza nikaimu uweka hazina, mwingine akaunga mkono, mikono ikanyooka.

Mkutano uliofuata nikasoma hesabu huku jasho likinitoka. Mzee alikuwa kiti cha nyuma, ametulia, miguu kaikunja. Nilipofika kwenye matumizi akanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza. Hiyo ngao ilinunuliwa kwa idhini ya nani? Maana mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na sikusaini."