Mwendo wa pole wa Tony Bennett

Kila Machi jina la Tony Bennett, kocha wa zamani wa mpira wa kikapu wa wanaume wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, hurudi midomoni kwa sababu ya usiku mmoja. Tarehe 16 Machi 2018, katika mashindano ya taifa ya vyuo, Virginia yake, iliyopangwa namba 1 (daraja la juu kabisa), ilifungwa 74-54 na UMBC, chuo cha Maryland kilichopangwa namba 16 (la chini kabisa). Kwa upande wa wanaume, namba 1 walikuwa wamekutana na namba 16 mara 135 bila kupoteza hata mara moja. Wanaomlaumu wanasema kilichomponza ni mwendo wa pole: kila timu ikishambulia mara chache, mnyonge hupata nafasi.

Hesabu inawabeba kidogo. Chukua timu inayomzidi mpinzani pointi 25 katika kila mashambulizi 100. Kwa mashambulizi 60 tarajia ishinde kwa 15. Kwa 75, karibu 19. Bahati nayo hupanda, ila kwa kasi ndogo: matokeo yakipotoka pointi 11 kwenye mchezo wa pole, kwenye ule wa haraka yatapotoka 12 na ushei. Ukikokotoa, timu ya pole itateleza takriban mara 9 katika michezo 100, ya haraka mara 6. Tofauti ipo. Lakini mara tatu katika mia ndiyo inayobeba lawama zote hizi?

Tena haielezi usiku ule. Mapumziko ilikuwa 21-21. Kipindi cha pili UMBC ilifunga 53, pungufu ya pointi moja tu ya zile Virginia ilizofunga mchezo mzima. Kilichovunjika ni ulinzi, na De'Andre Hunter, anayemkaba mrefu na mfupi vilevile, alikuwa nje kwa kuvunjika kifundo cha mkono. Hapa wakosoaji wana haki: pengo lilipokua, Virginia haikuwa na namna ya kulikimbiza. Ilitupa pointi tatu mara 22, zikaingia 4.

Ulinzi wenyewe Bennett aliurithi kwa baba yake, Dick. Kuna mstari wa kufikirika, hatua moja au mbili ndani ya mstari wa pointi tatu. Mmoja humbana mwenye mpira; wanne waliobaki hukaa ndani ya mstari huo, wakiziba njia ya kikapuni. Pasi ikitoka, wote watano huhama mpira ukiwa bado hewani. Anayemfuata mpokeaji hukimbia, kisha hatua mbili za mwisho huzifupisha, mkono juu. Asipozifupisha, anapitwa kwa kudundiwa mpira pembeni yake. Akichelewa, mtupaji yuko huru. Mchezaji wa mwaka wa kwanza hukosea hapo wiki baada ya wiki, kwa sababu miaka yote ya sekondari amezoea kumfuata mtu wake popote aendapo. Hunter mwenyewe alikaa msimu mzima wa 2016-17 bila kucheza ili akomae.

Na Bennett alirekebisha. Msimu uliofuata mashambulizi yalipata njia ya pili: mchezaji mrefu anasimama kumzibia njia anayemkaba mwenye mpira, upande huu kisha ule, badala ya kutegemea tu wale wawili wa kuwafungulia njia wenzao watatu wanaozunguka. Tarehe 8 Aprili 2019 Virginia ikaishinda Texas Tech 85-77 katika muda wa ziada na kutwaa ubingwa. Hunter alifunga 27.

Wakosoaji watakukumbusha kwamba baada ya hapo haikushinda tena mchezo hata mmoja wa mashindano hayo chini ya Bennett: ilifungwa na Ohio 2021, Furman 2023, Colorado State 2024. Kweli. Ila tazama kilichobadilika nje ya uwanja. Kuanzia 2021 mchezaji aliweza kuhama chuo mara ya kwanza bila kukaa nje msimu, na kulipwa kwa matumizi ya jina lake. Ulinzi unaodai mwaka wa kujifunza ulikutana na mchezaji anayeweza kuondoka mwaka huohuo.

Oktoba 2024 Bennett alijiuzulu, akisema yeye si kocha anayefaa tena kwa mazingira haya. Wiki chache kabla ya msimu, wachezaji wakiwa wamekwisha jisajili: hilo ni gumu kumtetea. Timu ilimaliza na ushindi 15 na vipigo 17. Machi 2025 Virginia ikamwajiri Ryan Odom, kocha aliyekuwa kwenye benchi la UMBC usiku ule wa 2018.