Gofu la kijijini lina wenyewe

Siku hizi ukipitia kurasa za wapiga picha wa Dar, hukawii kumkuta bibi harusi mtarajiwa kasimama kwenye jumba lililotelekezwa kijijini, rangi imebanduka, madirisha hayana vioo. Wazazi wengi hawaelewi. Mama yangu aliuliza mwanamwali apelekwe kwenye gofu kwa kosa gani. Kizazi chake kiliingia studio Kariakoo kimevaa kilicho bora, kikasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani au ndege, ili picha ikifika kwa ndugu mkoani waseme fulani mambo yamemnyookea. Mimi mtindo huu mpya naupenda. Ninachokataa ni kuufanya kama unavyofanywa huku ninakoishi.

Niko Ujerumani, jimbo la Brandenburg. Majengo matupu huku si haba, maana baada ya Ujerumani mbili kuungana 1990 vijana wengi wa mashariki walihamia magharibi kutafuta kazi. Maarufu ni Beelitz-Heilstätten, hospitali ya kifua kikuu iliyoanza kujengwa 1898, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi la Kisovieti liliitumia mpaka miaka ya 1990. Leo watu wanalipa kuingia na kupiga picha. Kibali unacho, unapiga utakavyo. Huna, kuingia tu ni kosa la jinai. Utaratibu huo nausifu. Lakini unaweza kushinda na kamera kwenye jengo la namna hiyo usipate mtu wa kukuambia wodi ile alilazwa nani. Kuta zinatoka vizuri kwenye picha, basi.

Nilipokuja likizo, mdogo wangu alitaka picha kabla ya sendofu yake. Tukashika barabara ya Morogoro, tukapita Mlandizi na Chalinze, mpaka kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge la zamani. Mpiga picha, kijana wa Sinza, alikuwa anakunjua rifleka ya kuakisi mwanga alipotokea mzee mmoja, jembe begani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba wanangu. Mmepiga hodi kwa nani?”

Hakuwa na hasira. Baba yake aliletwa shambani hapo kama manamba, na yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye korona, akilisha majani ya mkonge mashine iyachakate mpaka zibaki singa. Mkonge aliuingiza nchini Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyopona safari. Miaka ya mwanzo ya uhuru nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu kamba za plastiki zikateka soko, mashamba mengi yakataifishwa kuanzia 1967, uzalishaji ukaporomoka miaka iliyofuata. Hayo niliyasoma. Mzee alituonyesha ngazi ya barazani ambako wafanyakazi walipanga foleni siku ya mshahara. Saruji yake imelika katikati kwa nyayo.

Akatukataza chumba cha nyuma, mchwa wamekula boriti. Akatuomba tusiukanyage upande wa mwembeni, kuna makaburi.

Mdogo wangu alikuwa amefundishwa mapozi ya kuegemea ukuta na kulegeza shingo. Aliposikia habari za ngazi ile alivua viatu virefu, akakaa juu yake na gauni lake la kijani, mikono magotini. Jua la alasiri lilipita pale bati lilipong'olewa, likamwangukia shavuni na kwenye chokaa nyuma yake. Kwenye picha hiyo anaonekana mtu anayejua amekaa wapi. Kibali cha kulipia hakiwezi kukupa hiyo.

Kuna jambo moja Wajerumani wanatushinda, na naona aibu kwa niaba yetu. Tangu 1907 wana sheria inayomlinda mtu picha yake isisambazwe bila ridhaa yake. Sisi tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lakini bado mwanakijiji anapigwa akiwa kwenye shughuli zake, anawekwa nyuma ya modo kama pambo, kesho sura yake iko mtandaoni na yeye hana habari. Mzee kama yule kapoteza kazi shamba lilipokufa. Kumchukulia na sura yake bila kumuuliza ni dhuluma.

Kwa hiyo nawaomba wapiga picha wa Dar. Magofu ya kale ya Kunduchi na Kaole ni maeneo ya urithi chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: fuateni taratibu zake, msipande kuta. Kwenye majumba haya yasiyo na bango wala mlinzi, anzieni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kamera isitoke kwenye begi kabla hamjazungumza na wanaoishi jirani. Akikubali mzee kupigwa, asafishiwe picha yake na apelekewe mkononi, gharama iingie kwenye bajeti ya sendofu pamoja na ya maua na mapambo.